Msiguse Kabla ya Kuuliza

Wajukuu zangu mnaosoma sayansi Chuo Kikuu cha Garissa, mmeniuliza kama dini yetu inaruhusu jeni za binadamu zibadilishwe. Jibu langu litawaudhi wazee wenzangu, lakini nitalitoa.

Kutibu hakuna ubaya. Mwaka 1998 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu uhandisi jeni kwa kinga na matibabu, likakataza kuchezea maumbile ya mtu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu: seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini mwake. Mgonjwa ameelezwa akaridhia, na badiliko linaishia kwake, wanawe hawalirithi. Bei ndiyo balaa: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja Marekani. Nimeuza mifugo tangu ujana na sijaona kundi la thamani hiyo likiingia soko la Garissa.

Aliyekosea ni He Jiankui wa Uchina. Novemba 2018 alitangaza kwamba mapacha wa kike wamezaliwa baada ya yeye kubadili jeni zao wakiwa viinitete, eti awakinge na VVU alivyokuwa navyo baba yao. Njia salama za kumzuia baba asiambukize zilikuwapo tayari. Mahakama ilimfunga miaka mitatu.

Fikirini abtirsi, yaani hesabu ya nasaba. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja mababu zake kumi na zaidi, baba juu ya baba. Jeni iliyoguswa kwenye kiinitete yaweza kushuka mstari huohuo, kwa watu ambao hawajazaliwa wala kuulizwa. Kwa ngamia hatuna shida ya kuchagua uzao. Mfugaji akitafuta dume huuliza kwanza mama yake alikamwa maziwa kiasi gani. Ila ngamia hatakuja kutudai sababu. Mtoto atadai.

Wazee wenzangu wakisikia habari hizi hukimbilia Sura An-Nisaa, aya ya 119, panapotajwa shetani kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Sawa kabisa. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2014 ulikuta kwamba Kaskazini Mashariki ya Kenya zaidi ya wanawake 97 katika kila 100 wamekeketwa. Tena kwa wengi si kuchanjwa kidogo: msichana hukatwa, hushonwa, kisha hufungwa miguu kwa kamba, mapajani hadi vifundoni, alale hivyo siku kadhaa mpaka kidonda kishikane. Siku ya kujifungua hukatwa tena ili mtoto apite. Hayo si maumbile yaliyobadilishwa? Na nani alimuuliza akiwa na miaka saba? Sheria imekataza tangu 2011, na bado baadhi ya wanaomlaani yule Mchina jioni msikitini wanamlipa ngariba asubuhi.

Mimi kipimo changu ni kimoja kwa maabara na kwa wembe: mwenye mwili ameridhia? Asipoweza kujibu, na pasipo ugonjwa wa kumtibu, mkono urudi nyuma.

Basi mnaosomea tiba, mgonjwa aliyeridhia mtibuni, na piganieni dawa ishuke bei imfikie maskini. Kiinitete kiacheni. Na likizo ya Desemba, ambayo ndiyo msimu wa ukeketaji, mkirudi Dadaab, Modogashe na Masalani, waambieni mama na nyanya zenu waziwazi kwamba wadogo zenu wa kike hawaguswi.