Shamba Lisiloonekana Kwenye Ramani

Tuseme yupo mzee wa Kibajuni anayekaa kisiwani Ndau, Lamu, na kulima bara. Masika yakikaribia huvuka kwa dau na wanawe, wakafyeka, wakapanda mahindi na simsim. Wakishavuna hurudi kisiwani kuvua, na kipande kile hukiacha kipumzike miaka kadhaa. Mpaka wake na jirani ni mbuyu, kisima cha mawe na kaburi la babu. Hakuna asiyeujua.

Mpima ardhi akija wakati wa kaskazi ataona nini? Kichaka. Na ramani yake itaandika kichaka.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya Pwani: mwenye ardhi apeleke madai yake, na isiyodaiwa ihesabiwe mali ya Mfalme wa Uingereza. Shamba linalohamahama lingedaiwaje mbele ya karani anayetaka mipaka iliyopimwa? Uhuru ulipokuja, serikali mpya iliirithi ardhi hiyo. Kisha vita vya Shifta vikawakimbizia Wabajuni wengi visiwani, kichaka kikawa kichaka kweli. 

Machi 2012 mradi wa bandari ya Lamu ukazinduliwa, na kila mtu akataka ardhi ya huku. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ekari 500,000 zilizogawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Ekari nusu milioni haziibwi usiku kwa panga. Zinahitaji mpima, ramani na muhuri. Watu walishangilia, ila kufutiwa mwingine hati hakumpi mzee wa Ndau hati yake.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kusajiliwa na ardhi kupimwa kwa jina lake. Basi, Wabajuni, msimngoje mpima. Nendeni na simu mkachukue alama za kisima, kaburi na mbuyu, majirani wakiwepo na kutia sahihi. Lakini kabla ya kuchora chochote waiteni Waaweer, maana msituni ndani wana miti wanayorinia asali, na Waorma, ambao ng'ombe wao hupita humo kiangazi kufuata maji. Wao pia mpima hajawahi kuwaona.