JE, KONGO ILIPASWA KUINGIA KATIKA JUMUIYA?

Salgaa ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Hapo hupumzika malori yaliyopakia mizigo katika bandari ya Mombasa, kabla ya kuendelea Uganda, Rwanda na Kongo. Siku moja tulipokuwa hapo safarini, dereva mmoja, kijana wa pwani, alituuliza: "Sheikh, Kongo imeingia katika Jumuiya yetu, na watu wake wangali wakiuawa. Imepata faida gani?"

Kongo ilitia saini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Ni nchi kubwa. Eneo lake lapita Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Basi wako wasemao ati nchi kubwa namna hii, yenye madini, haina haja ya jirani. Hoja hii ni dhaifu. Watu wa Goma na Bukavu wasema Kiswahili, na bahari iliyo karibu nao ni yetu, si ile ya magharibi.

Wengine wasema Jumuiya ni soko tu. Hapa ndipo penye kosa. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1999 hautaji ushuru peke yake. Wataja pia ujirani mwema na kukaa kwa amani. Jeshi la Jumuiya lilikwenda Kongo Novemba 2022, likaondoka Desemba 2023. Januari 2025 Goma ikatwaliwa na waasi wa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema waasi hao husaidiwa na Rwanda, mwanachama mwenziwe, Rwanda yakana.

Je, Kongo ilikosea? La. Afungaye ahadi kwa nia njema hakosi kwa kuwa ahadi haikutimizwa. Lawama ni ya aliyeivunja, na ya mashahidi walionyamaza. Wala kutoka si dawa: Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa miaka, na walioumia ni raia.

Mashahidi ni sisi. Kuli, karani na dereva wa Mombasa hula kwa mizigo ya Kongo. Haitupasi kupokea ujira kwa mkono mmoja na kuziba sikio kwa mkono wa pili.

Tulimjibu kijana yule: Kongo ilipaswa kuingia. Lililobaki ni sisi kujiuliza, siku ile tulimpokea jirani, au tulimpokea mteja?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.