Mwendo wa Kobe

Kobe hatembei kwa haraka, na vipimo vinathibitisha. Mwaka 1835, katika visiwa vya Galapagos, Charles Darwin alimfuatilia kobe mmoja mkubwa akakuta anakwenda yadi 60, yaani kama mita 55, kwa dakika 10. Kobe aliyeweka rekodi ya dunia nchini Uingereza mwaka 2014 alifikia karibu kilomita 1 kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu huenda mara tano ya hapo.

Sababu ya kwanza ni gamba. Si nyumba aliyojitwisha, kama watoto wanavyosimuliwa. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana vikawa kitu kimoja. Mgongo haukunjiki, kwa hiyo hawezi kujinyoosha na kuruka kama duma. Hata mbavu hazipanuki anapovuta pumzi. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya tumboni.

Misuli ya miguu nayo hujikaza polepole mno, lakini hutumia nguvu kidogo sana. Kwa mla majani hilo ni jambo la maana, kwani nyasi hazikimbii.

Kisha kuna jua. Joto la mwili wa kobe hutokana na joto la nje. Kisiwani Changuu, Unguja, walikoletwa kobe wakubwa kutoka Shelisheli, asubuhi ya baridi kobe hulala kimya, shingo imerudi ndani. Jua likishapasha gamba, kichwa hutokeza, mguu mmoja wenye magamba mazito husukuma mchanga, halafu wa pili.