Wito wa Mwalimu na Haki Yake

Kuna neno linalopendwa sana na watu wanaozungumza juu ya shule, nalo ni kwamba ualimu ni wito. Hulisema wakubwa katika sherehe, na wazazi hulirudia mikutanoni. Neno hilo ni la kweli. Lakini yafaa tuangalie lasemwa na nani, tena wakati gani. Maana mara nyingi husikika pale mwalimu anapoomba nyumba isiyovuja, au anapouliza habari za malimbikizo ya mshahara wake. Hapo huambiwa kwa upole, "Mwalimu, kazi yako ni wito." Naye hunyamaza, kwa kuwa akiendelea kudai ataonekana mpenda fedha.

Je, ni halali wito wa mtu ufanywe hoja ya kumnyima haki yake? Swali hili ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu juma hili.

Yatupasa tuanze na furaha ya kazi yenyewe, kwani asiyeijua hataelewa kwa nini watu wenye akili huikubali na kudumu ndani yake. Mtoto wa darasa la kwanza huimba ba, be, bi, bo, bu kwa miezi, kama wimbo tu usio na maana. Kisha siku moja hutazama neno ambalo hakufundishwa, akaunganisha silabi zake peke yake, akashtuka kuona kwamba neno lile ni kitu anachokijua nyumbani kwao. Mwalimu aliyesimama karibu naye huona ule mshtuko usoni. Tabibu humponya mgonjwa akarudi alivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mwalimu humfikisha mtoto mahali ambapo hajapata kuwapo. Tena kuna furaha ya baadaye, ile ya mwalimu mzee anayepanda basi na kuambiwa na utingo mwenye ndevu, "Shikamoo mwalimu, nauli yako imekwisha lipwa." Mzee huyo pengine hakumbuki jina la kijana, wala kijana hakufaulu mtihani wowote mkubwa. Hata hivyo kitu fulani kilipita kati yao zamani, na hakikufa.

Hayati Julius Nyerere alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, kisha Pugu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, akaiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, bali siasa ilimjia tu. Alipokuwa mkuu wa nchi aliitwa Mwalimu, na jina hilo hakulivua hata alipofariki mwaka 1999. Twaona fahari kwa jambo hili. Lakini lazima tukiri kwamba katika nchi yetu jina la mwalimu limepata heshima kubwa kuliko wenye kazi hiyo walivyowahi kuipata.

Basi, ni nini kinachomvunja moyo mwalimu mwema? Watu hudhani ni mshahara tu. Mshahara umo, wala hatuoni haya kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini sikilizeni hesabu hii. Kanuni ya shule za msingi nchini Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na kila aliyetembelea shule zetu ajua kwamba madarasa mengi yamepita kiasi hicho mbali sana. Mwalimu mwenye watoto 80 akitaka kusahihisha daftari za somo moja, na akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, atahitaji dakika 160, yaani saa mbili na dakika arobaini. Naye hafundishi somo moja. Aliye mvivu hutia alama ya vyema kila mahali akaenda zake. Aliye mwema huzichukua daftari nyumbani, akawasha taa, akaacha mambo ya nyumba yake. Asubuhi wote wawili huandikwa kwamba wamefika kazini, na mwisho wa mwezi wenye daraja moja hupokea kiasi kile kile.

Liko jambo lililo baya kuliko hilo, nalo ni tuisheni. Hatuzungumzi juu ya mwalimu anayewasaidia watoto wazito baada ya saa za kazi. Twazungumza juu ya yule anayefundisha nusu ya somo darasani, na nusu ya pili akaiuza jioni kwa wenye kulipa. Mtoto wa mkulima asiye na fedha hubaki na nusu yake. Mwenzake mwalimu wa chumba cha pili, anayetoa somo lote saa mbili asubuhi bila kubakiza kitu, hana cha kuuza jioni. Wazazi wenyewe humsifu muuzaji kwamba ni hodari, kwa sababu watoto wanaolipa hufaulu. Hapa ndipo tuonapo hatari ya kweli: uaminifu unapomfanya mtu kuwa maskini kuliko jirani yake asiye mwaminifu, tena mbele ya macho ya watu wote, jamii hiyo yafundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wa masomo.

Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, Mfransisko wa Kenya, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alipewa zawadi ya dola milioni moja iliyokusudiwa mwalimu bora wa dunia. Ilitangazwa kwamba alikuwa akitoa sehemu 80 katika kila mia za mshahara wake kuwasaidia maskini. Tulifurahi, na haki tulikuwa nayo. Ila mtawa ameweka nadhiri ya ufukara kwa hiari yake, na jumuiya yake humpa chakula na mahali pa kulala. Mwalimu mwenye mke na watoto watano hakuweka nadhiri hiyo, wala hana mamlaka ya kuiweka kwa niaba ya watoto wake. Kumshika mtawa na kumfanya kipimo cha baba wa nyumba ni kuwakosea wote wawili, kwa maana sadaka ikishurutishwa si sadaka tena, ni kodi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Wito ni neno la yule aliyeitwa. Yeye aweza kusema, "Nitabaki na watoto hawa ijapokuwa nalipwa kidogo," na neno hilo likawa tukufu kinywani mwake. Mwajiri akilisema neno hilo hilo, lageuka udhuru. Hali kadhalika mzazi. Kadiri mwalimu anavyojitoa zaidi, ndivyo deni letu linavyozidi, wala halipungui kwa sababu mdai ni mpole.

Tuna mfano katika historia yetu. Baada ya maazimio ya Musoma ya mwaka 1974, Tanzania ilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Mpango uliitwa kwa herufi tatu, UPE, na wenye mzaha wakazigeuza kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Kweli, elimu yao ilikuwa ndogo, na watoto wengine walipata hasara kwa sababu hiyo, hatutaki kupamba. Lakini wengi wao walifundisha watoto asubuhi na watu wazima alasiri, na hesabu za serikali za mwaka 1986 zilisema kwamba watu wazima tisini katika kila mia walijua kusoma. Waliocheka walikuwa wakisoma magazeti, na baadhi ya mama zao walijifunza herufi kwa vijana hao waliochekwa.

Neno moja limesalia, nalo lawahusu walimu wakuu na kamati za shule. Ni desturi katika shule nyingi kumpa mwalimu hodari darasa la mwisho, kwa ajili ya mtihani na sifa ya shule, na kumweka darasa la kwanza yule asiyetakiwa kwingine. Aliye hodari mno huondolewa darasani kabisa, akapewa meza ya ofisi na pikipiki ya ukaguzi, na hiyo ndiyo huitwa kupandishwa cheo. Kwa nini asipandishwe huku akiwa na chaki mkononi? Kamati zinazokutana kabla ya Januari zaweza kuuliza jambo hili, tena ziulize mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto wangapi, na usiku analala wapi.