Ghorofa Lisilo na Wapita Njia

Kijana wa kisa hiki simpi jina, kwa sababu Kariakoo, Dar es Salaam, wako wengi waliopitia aliyoyapitia. Alianza bila senti. Asubuhi alikwenda kwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, tajiri akamkabidhi mikanda na pochi kwa mali kauli: bei ya duka inajulikana, jioni hesabu inarudi, na kinachozidi hapo ni cha juu chake. Hapakuwa na mkataba wala dhamana, isipokuwa uaminifu wake na jina la ndugu aliyempeleka. Siku atakayoshindwa kurudisha hesabu, kesho yake hapewi mzigo. Ajira yake yote ilipimwa kwa siku moja, kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

Na aliuza. Alitandika bidhaa zake pale wanapopita watu wanaotoka kazini kuelekea kwenye daladala. Mnunuzi wa mkanda wa machinga, yaani mchuuzi wa barabarani, mara nyingi hakuondoka nyumbani akiwa na nia ya kununua mkanda. Anapita, anauona, anauliza bei, anapunguziwa, anatoa pesa na kuendelea na safari. Kama hakupita hapo, hanunui. Mzigo ulikuwa wa tajiri na meza ilikuwa ya mbao za kuokota; cha kijana mwenyewe kilikuwa kile kipande cha njia, pamoja na sauti yake ya kuita. Hapo ndipo ulipokuwa mtaji wake, ingawa hakuna ofisi iliyouandika popote.

Baadaye jiji likamjengea. Mwaka 2010 ulikamilika mradi wa Machinga Complex pale Ilala, jirani na soko la Karume: majengo ya ghorofa yenye vizimba zaidi ya 4,000, yaliyojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliozidi Sh bilioni 10. Nia ilikuwa njema na sina sababu ya kuibeza. Mtu anayeuza juani na mvuani, akikimbia mgambo huku amekumbatia mzigo, anastahili paa, choo na mahali pa kufungia mali yake. Kijana wetu alipopata kizimba ghorofani alimpigia simu mama yake kijijini kumweleza kwamba sasa ana mahali.

Siku ya kwanza hakuuza kitu. Ya pili aliuza pochi moja, tena kwa jirani wa kizimba. Mtu anayewahi daladala hapandi ngazi kwenda kutafuta mkanda ambao hakuwa akiuwaza. Jioni tajiri alitaka hesabu yake, naye alikuwa na haki ya kuitaka. Kijana akaomba siku, akapewa. Akaomba nyingine, akanyimwa mzigo. Ili asipoteze uaminifu akakopa kwa wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, ambao marejesho yao huanza upesi hata kama biashara haijaanza. Akarudi barabarani, palepale alipokuwa zamani, akakuta mwingine ameshatandika. Akajibana pembeni. Wiki haikuisha mgambo wakaukamata mzigo, na mzigo haukuwa wake. Akabaki anadaiwa na wawili, hana hata pochi moja ya kuuza.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa mkaidi wa kupangwa. Watu hupenda kusema machinga hapangiki, na kauli hiyo inaniuma, kwa sababu inamtwisha yeye kosa la mchoraji wa ramani. Vizimba vingi vya jengo lile vilikaa miaka bila wafanyabiashara, na deni la NSSF likakua kwa riba hadi kupita mara mbili ya mkopo wenyewe. Wakati huohuo, jirani kabisa, soko la Karume lenye vibanda vya mbao na mabati lilifurika wauza mitumba waliobanana bega kwa bega, kwa kuwa huko ndiko wateja walikozoea kwenda. Mnamo Januari 16, 2022, Jumapili, soko hilo liliteketea kwa moto. Waliokuwa na mali kauli ndani waliamka wakiwa na deni bila mzigo.

Serikali zetu zimejaribu njia nyingi. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Wengi wakarudi, maana kilichowaleta mjini hakikuondoka. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja Sh 20,000, kwa ajili ya wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Hapo machinga alipumua, lakini kitambulisho hakikumpa eneo, na njia za waenda kwa miguu zikazibwa. Oktoba 2021 Dar es Salaam ikawaondoa barabarani na kuwapeleka kwenye masoko. Waliopelekwa karibu na vituo vya mabasi walau walikuwa na mtu wa kumuuzia.

Kwa kijana anayeanza leo, nasema hivi: usihamishe mzigo wa mali kauli wote siku moja kwenda mahali ambapo hujauza. Peleka kidogo, mwachie mwenzako akushikie sehemu ya zamani, uone kwa wiki mbili. Na usilipe deni la tajiri kwa mkopo wa kausha damu. Mwendee tajiri mwenyewe, mrudishie bidhaa zilizobaki, mweleze ukweli. Baadhi yao nao waliwahi kuwa machinga.

Kwa halmashauri, kazi ya kwanza ni ya kalamu na daftari, kabla ya saruji. Mtumishi akakae kwenye eneo linalopendekezwa saa kumi na moja jioni, ahesabu wanaopita kwa miguu, kisha ahesabu na pale wanapotaka kuwaondoa wafanyabiashara. Namba mbili hizo zisomwe mbele ya viongozi wa machinga kabla mkopo haujasainiwa. Zikipishana sana, isogezwe njia ya daladala au ubadilishwe uwanja, na ghorofa wapewe wenye bidhaa zinazofuatwa na wateja: mafundi cherehani, mafundi simu, wauzaji wa jumla.