Je, Elimu Moja Yatosha?

Elimu ni bahari, wala hapana aliyepata kuimaliza. Ndiyo sababu kila mtaalamu hujichagulia ghuba yake: tabibu huchagua maradhi, mwanasheria huchagua sheria, na mwanauchumi huchagua mali. Kuchagua si kosa. Swali ni hili: je, mtu aliyejua ghuba moja ana haki ya kuwapa watu shauri juu ya maisha yao bila kuwauliza wanaojua ghuba nyingine?

Tuanze Masara, katika Migori, nchi ya dhahabu na tumbaku. Mwanauchumi asiyejua ila hesabu atasema kuwa shilingi ni shilingi. Iliyotokana na samaki na iliyotokana na dhahabu hununua unga ule ule. Lakini Wajaluo wa sehemu hizo wana neno lao, pesa makech, yaani pesa chungu. Pesa ya kuuza ardhi ya jadi, ya dhahabu, ya tumbaku, hata ya jogoo wa boma, huhesabiwa kuwa chungu. Haifai kutolewa mahari bila kutakaswa, isije ikawaletea msiba waliooana. Profesa Parker Shipton, mchunguzi wa mila za watu, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1989. Msomaji aweza kuikubali imani hiyo au kuikataa. Lakini atakayewakopesha watu hao fedha pasipo kuijua atakosea, ingawa hesabu yake haina kosa la kujumlisha.

Basi mwanauchumi afanye nini? Tutazame mfano wa mmoja wao, uliotokea upande wa kaskazini wa Ziwa lile lile, katika Busia. Michael Kremer, kijana wa Kimarekani, alikuja magharibi ya Kenya mwaka 1985 akawa mwalimu wa shule ya sekondari karibu na Kakamega. Baadaye alikuwa profesa wa uchumi. Alifundisha MIT, kisha Harvard, na tangu mwaka 2020 Chicago. Lakini hakuyasahau madarasa aliyoyaona.

Yeye na wenzake walipima kwanza faida ya kugawa vitabu vya kiada. Nani angedhani kuwa vitabu havitafaa? Walakini vilifaa wale tu waliokuwa mbele tangu hapo. Vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto. Somo la uchumi lilihitaji somo la lugha.

Kisha, mwaka 1998, yeye na Edward Miguel wakaanza kuchunguza dawa ya minyoo na kichocho katika shule 75. Hapo uchumi ulilazimika kwenda shule kwa tabibu. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo na vijidudu vya kichocho katika maji. Mtoto akitibiwa, jirani yake naye hupona hatari. Kwa hiyo anayelinganisha mtoto aliyekunywa dawa na mwenzake wa dawati moja asiyekunywa hatauona wema wote wa dawa, kwa kuwa wote wawili wamefaidika. Wao walilinganisha shule kwa shule. Wakakuta kuwa utoro ulipungua kwa robo nzima, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2019 Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Yupo atakayeuliza: ilikuwa haki baadhi ya shule zipewe dawa mwaka 1998, nyingine mwaka 1999, na za mwisho zingoje mpaka mwaka 2001? Swali hilo ni zito, na halijibiwi kwa hesabu. Dawa isipoweza kufika kote siku moja, lazima wawepo wa kungoja. Lakini anayengoja ni mtoto mwenye tumbo linalouma, na mchunguzi asiyeona uchungu huo amesoma uchumi akasahau utu. Hapo elimu ya maadili nayo yadai kiti chake barazani.

Tena, kujua mengi hakumwepushi mtu na makosa. Mwaka 2015 wataalamu wa maradhi waliikagua kazi ile, wakaona makosa ya hesabu, na mabishano makali yakazuka. Lakini walioikagua walipewa daftari na wenyewe walioifanya. Kumkabidhi mwingine hesabu zako ili azichunguze ni ushujaa unaopita ule wa kupokea tuzo.

Jibu letu, basi, ni kwamba elimu moja yatosha kumpa mtu kazi, lakini haitoshi kumpa haki ya kuwaamulia wengine. Haki hiyo huanza anapokubali kufundishwa: na tabibu, na mwalimu wa lugha, na mzee wa Masara asiyejua kusoma lakini ajuaye ni pesa ipi isiyoweza kuoa. Nawe kijana, utakapochagua ghuba yako, ichimbue mpaka chini. Kisha inua macho uone kuwa maji yake ni ya bahari moja na ya wenzako.