Mchora Ramani na Mwenye Baraza

Wewe msomaji uliye hapa Siakago, mbali na bahari, huenda ukauliza mipango ya mji wa pwani yakuhusu nini. Siakago nayo yakua. Barabara zitapanuliwa, vibanda vya soko vitaambiwa visogee, na siku moja mtu mwenye rula atapiga mstari juu ya ua wa mama yako. Hapo ndipo lizukapo swali la insha hii: je, ni haki kumhamisha aliye hai kwa faida ya asiyezaliwa bado?

Usijibu upesi kwamba si haki. Mji usiopangwa huumiza watu pia, tena huanza na maskini. Choo huchimbwa karibu na kisima. Nyumba hujengwa katika mkondo wa maji ya mvua. Moto ukizuka, gari la zimamoto halina pa kupita. Lazima mtu fulani aache sehemu ya kiwanja chake ili wengine wapate njia, na sioni namna ya kulikwepa hilo.

Basi tuutazame mji wa Unguja, ambao ulichorewa ramani mara nne kwa muda usiotimia miaka sitini: Mwingereza Lanchester mwaka 1923, Kendall mwaka 1958, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982. Zamani hori la Darajani liliugawa mji huo. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wa nyumba za mawe; upande wa pili Ng'ambo, penye nyumba za udongo na makuti. Jina hilo lenyewe ni hukumu, maana aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa mawe. Wengi wa Ng'ambo walijenga juu ya ardhi ya wengine na kuilipia kodi, hata mwaka 1928 wakagoma kuilipa.

Baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilikusudia kuiondoa aibu hiyo. Nyumba za zamani zikabomolewa, na pale Michenzani yakasimamishwa majengo marefu ya orofa kwa msaada wa Wajerumani wale. Nia ilikuwa njema, nami siwacheki waliofurahi kupata kuta za saruji na umeme. Ni sehemu tu ya nyumba zilizokusudiwa iliyokamilika.

Lakini nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Barazani wazee waliketi, wageni walipokewa, ugomvi ulisuluhishwa. Uani wanawake walipika na kuangaliana watoto. Mchora ramani alihesabu vyumba, na hesabu yake ilikuwa sahihi, baraza haikuwamo. Mtu aliyezoea kusalimiwa na kila mpita njia akajikuta orofa ya juu, akitazama vichwa vya watu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe, na anayenyang'anywa ardhi alipwe fidia ya haki. Ni sheria nzuri. Hata hivyo fidia hulipa kinachohesabika: mabati, mawe, miti. Jirani anayemlea mtoto wako uendapo shambani hana bei, na habari zake anazijua mwenye ua peke yake. Kwa hiyo nasema kuhamishwa kwaweza kuwa haki, ila kwa masharti mawili: mwenye kuhamishwa asikilizwe kabla wino haujakauka, na mstari usipinde ufikapo kwenye ukuta wa tajiri. Sharti la pili ndilo gumu zaidi, nawe utaliona likivunjwa mara nyingi.

Majengo ya Michenzani yangali yapo. Ukifika jioni utawakuta watu wameketi chini yake wakizungumza, juu ya saruji ambayo hakuna aliyeichora kwa ajili ya kukaliwa.